Dola 500 kwa jahazi moja: hesabu za safari za kwanza kwenye Ziwa Tanganyika



Wengi munajua kama sisi watu watano tuliomaliza mwaka mumoja tunakotiza feza ya safari. Kila mutu anatoa dola 10 kwa mwezi, miezi minane, jumla dola 400. Mupango ni kupanda boti pa Kalemie, kuteremuka kusini mpaka Moba, kukaa siku chache na kurudi. Kati yetu hakuna hata mumoja aliyewahi kusafiri kwenye ziwa kwa kutembea tu. Tulisafiri juu ya masomo, matanga ao biashara ya unga. Mimi nikapewa kazi ya kutunza feza, eti agronome amezoea kuhesabu mbegu. Na mutu akitunza feza ya wenzake usingizi unapungua, basi usiku nikaanza kusoma namna watu wa zamani walivyopanga safari zao za kwanza kwenye ziwa hili. Nilifikiri nitakuta hadithi za mawimbi na mamba. Nilichokuta sana ni hesabu: nani analipa, analipa na nini, na nani hakulipwa.

Tuanze na wale wawili. Richard Burton na John Hanning Speke walifika kwenye ziwa tarehe 13 Februari 1858, kiisha kutembea kutoka pwani tangu Juni 1857. Serikali yao iliwapa paundi 1,000 kwa safari nzima. Walipofika, Burton hakuweza kutembea, na Speke alikuwa haoni vizuri, macho yamevimba. Feza zilikuwa zinaisha. Ziwa lilikuwa mbele yao, na hawakuwa na chombo cha kuingilia. Ona sasa: watu wamepanga safari ya miezi nane ili kufika kwenye maji, lakini ya kuvuka maji hawakuipangia kitu.

Walisikia kama upande wa magharibi, upande wetu wa Kongo, kwenye kisiwa cha Kasenge, kuko mufanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, mwenye jahazi. Speke akakodi mutumbwi tarehe 3 Machi 1858, akavuka. Njiani mvua na upepo vikawapiga, wakalala kisiwani, na usiku mududu akaingia katika sikio lake. Akajaribu kumutoa na kisu kidogo, akajiumiza vibaya. (Kila mara ninaposoma kipande hiki ninashika sikio langu.) Alipofika Kasenge, Sheikh alimupokea vizuri, akamupa chakula na mahali pa kulala. Jahazi je? Jahazi liko, ila litapatikana kiisha miezi mitatu, na bei ni dola 500.

Dola 500 za wakati ule zilikuwa zile dola za feza nyeupe zilizotumika Zanzibar. Kwa watu wenye paundi 1,000 za safari nzima, na sehemu kubwa imekwisha kuliwa na njia, hiyo bei ilikuwa sawa na kusema hapana kwa heshima. Mimi simulaumu Sheikh. Mutu mwenye chombo kimoja kwenye ziwa la kilometa zaidi ya 600, ambaye biashara yake ya pembe za ndovu inakitegemea, atakikodisha kwa bei gani? Speke akarudi Ujiji mikono mitupu. Alipoteza siku 27.

Kiisha hapo wakalazimika kupatana na Kannena, mukubwa wa Kawele pale Ujiji, juu ya mitumbwi miwili na wapiga kasia. Wakapanda kaskazini, wakapitia Ubwari, wakafika Uvira tarehe 26 Aprili 1858. Shabaha ilikuwa kuona Ruzizi: ni muto unaoingia ziwani ao unaotoka? Kama unatoka kwenda kaskazini, basi pengine ndiyo Nile. Walibakiza mwendo mudogo tu. Wapiga kasia wakakataa kuendelea, waliogopa watu wa mbele. Kannena naye alikuwa amekwisha kulipwa. Wana watatu wa sultani wa Uvira ndio waliowaambia kama Ruzizi inaingia, haitoki. Wageuze chombo. Safari ya bei kali, na jibu wakalipata kwa mudomo wa vijana wenyeji, bure.

Wandugu, kulipa yote mbele ya safari ni jambo ambalo hata mama wa soko hakubali. Sisi pia tumeulizwa tulipe kwenda na kurudi pamoja ili tupunguziwe bei. Katika grupu yetu mwenzetu wa ekonomi alisema: « Tulipe yote, tutabakiza ya soda. » Nikamujibu: « Yaya, soma kwanza Kannena. » Akacheka, akafikiri Kannena ni musanii mupya wa Lubumbashi.

Na unajua urafiki wa Burton na Speke uliishia wapi? Kwenye fakitire. Waliporudi Ulaya matumizi yalikuwa yamepita sana ile paundi 1,000, na Burton akamudai Speke sehemu yake, kama paundi 600. Barua za miaka ya 1859 na 1860 kati yao ni barua za watu wanaodaiana, maneno baridi, hata salamu imekauka. Watu wengi wanasema waligombana juu ya Nile tu, nani aligundua nini. Kweli, hiyo ndiyo kubwa. Lakini soma barua, utaona feza iko ndani. Tena kulikuwa kesi ingine: konsuli wa Uingereza pale Zanzibar, Rigby, alilalamika kama wabebaji na walinzi wa safari ile hawakulipwa sawa na walivyoahidiwa. Burton akajitetea kama walifanya kazi mubaya. Watu waliobeba sanduku zake miezi na miezi, na mwenyewe wakambeba alipokuwa hawezi kusimama!

Sasa tuongee juu ya feza yenyewe, maana hapa historia ni tamu. Kwenye njia ya ziwa hakukuwa feza moja. Ushanga ulikuwa sawa na feza ndogo ya mufukoni, kitambaa sawa na feza ya kati, na waya wa shaba, njo zahabu, hasa ukivuka Tanganyika kuja kwetu. Lakini ushanga wenyewe si mumoja. Ule mweusi ulipokelewa Ugogo, mahali pengine hauna bei. Ule mwekundu, samisami, ulipendwa Unyamwezi. Ule mukubwa kama yai, sungomaji, ulikuwa na bei Ujiji na Uguha, ni kusema upande wa Kalemie yetu ya leo. Ukiupeleka mahali pengine watu wanakucheka. Kwa hiyo mutu aliyenunua magunia ya ushanga Zanzibar bila kuuliza angeweza kufa njaa amekalia feza.

Munafikiri hiyo ni ya zamani? Chukua noti ya dola 20 iliyopasuka kidogo pembeni, kidogo kama ukucha, umupelekee muuza mafuta. Atakurudishia na macho tu. Ndani ya bahasha yetu ya dola 400 nimekwisha kubadilisha noti mbili za namna hiyo, na kila noti inayoingia ninaiinua kwenye jua mbele ya mwenye kuileta. Kuna dada mumoja alikasirika, akasema ninamushuku. Hapana dada, ninaishuku noti. Tena nusu tutaibadilisha kuwa feranga mbele ya kupanda, juu kwenye vijiji vya pembeni ya ziwa ndakala na mikate ya muhogo havinunuliwi na noti ya dola.

Mutu aliyeelewa mambo haya kuliko wote ni Stanley, na ninaandika hivyo bila kumupenda, juu tunajua baadaye alimufanyia kazi nani. Mwaka 1871 pale Zanzibar alikuwa hajui kitu. Alisoma vitabu vya wazungu wenzake, hakukuta hesabu moja inayosaidia. Basi akamuendea mufanyabiashara mumoja wa pale, akamuuliza kwa wazi: watu 100 wanakula ngapi kwa siku? Jibu lilikuwa doti 10 za kitambaa kwa siku. Doti moja ni kipande cha yadi 4, hata leo mama wanaonunua kanga wanalijua neno. Akapiga hesabu: doti 10 mara siku 365, ni doti 3,650 kwa mwaka. Akazigawanya: doti 2,000 za merikani, ile pamba nyeupe ya Marekani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za vitambaa vya rangi. Ukigawanya tena utakuta kila mutu alikula kitambaa cha kama sentimita 36 kwa siku. Mimi niliyefanya staje kwenye shamba la muhindi ninaona hiyo ni hesabu safi. Hakuanza na kusema « nina feza kiasi hiki ». Alianza na tumbo la mutu mumoja, siku moja, kiisha akazidisha.

Ndivyo nilivyofanya na yetu. Nusu kilo ya unga kwa mutu kwa siku, watu 5, siku 6, ni kilo 15. Unga tutatoka nao, ndakala na mikeke tutanunua kule, sombe kule. Mwenzetu mumoja alitaka tuandike « restora » bila kuhesabu. Neno restora katika bajeti ni shimo la panya, halionyeshi mwisho wake.

Novemba 1871 Stanley akamukuta Livingstone pale Ujiji, na hapa kuna safari ambayo mimi ninaiita ya kwanza ya marafiki kwenye ziwa hili, kwa upande wa wageni naongea. Wavuvi wetu walikuwa wanatembeleana na mashemeji zao kwa mutumbwi karne nyingi mbele. Hao wawili walikuwa wamefahamiana siku chache tu. Wakaamua kwenda kaskazini kumaliza ile habari ya Ruzizi. Chombo waliazimwa na Mwarabu wa Ujiji, Sayd bin Majid, bila dola 500. Ulikuwa mutumbwi wa muti mumoja, muvule, uliokatwa Ugoma, kwenye milima ya magharibi, ni kusema Kongo. Wapiga kasia 16. Siku 28. Wakaingia mupaka kwenye mudomo wa Ruzizi, wakaona kwa macho maji yanaingia ziwani. Livingstone mwenyewe aliiita ile safari pikiniki.

Kwa nini pikiniki ile ilifanikiwa na ya 1858 haikufanikiwa? Vitabu vingi vinasema ni tabia ya Livingstone, upole wake. Inawezekana. Mimi ninaangalia pia muvule. Muti wa kutoa mutumbwi wa namna hiyo unachukua makumi ya miaka kukomaa, mbao yake mucwa hawaiwezi upesi, na maji hayaiozeshi haraka. Mwenyeji wa Ugoma aliyechagua muti ule, akauchimba na shoka na moto, akauteremusha kutoka mulimani mpaka pwani ya ziwa, yeye njo aliyelipia sehemu kubwa ya safari, na jina lake hatulijui. Leo milima ile ukiitazama kutoka boti utaona makaa yamekula miti. Wenzangu wa agronomia mutanielewa.

Tukivuka miaka: mwaka 1874 Cameron akaona mahali Lukuga inapotoka, karibu na Kalemie, na mwaka 1876 Stanley akarudi na chombo chake mwenyewe, Lady Alice, kilichotengenezwa Uingereza kwa vipande ili wabebaji wakibebe vichwani na mabegani. Akazunguka ziwa lote kwa siku 51. Mwaka 1883 Storms wa Ubelgiji akajenga kituo Mpala, kati ya Kalemie na Moba, na kichwa cha mufalme Lusinga kikaenda Ubelgiji katika muzigo wake. Boti yetu itapita mbele ya Mpala. Hiyo nitaiandikia siku yake, siwezi kuichanganya na habari za soda.

Lakini wazo la chombo cha vipande likumbukeni, maana mwaka 1915 liligeuka wazimu.

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika huku, Wajerumani walikuwa wenye ziwa. Agosti 1914 meli yao Hedwig von Wissmann iliharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, pale Lukuga. Wabelgiji walikuwa na meli kubwa ingine, Baron Dhanis, lakini imelala kwa vipande, hakuna mahali salama pa kuiunga. Basi Waingereza wakaamua kutuma boti mbili ndogo za mota, mita 12 kila moja, Mimi na Toutou, kutoka London mpaka Kalemie. Mukubwa wao aliitwa Spicer-Simson, mutu wa majivuno na tatuu, aliyependa kuvaa sketi mbele ya askari. Alikuwa na watu 28.

Fuateni njia, maana ni njia yetu. Juni 1915 wanatoka London kwa meli. Julai, Cape Town. Kwa reli mpaka Elisabethville, Lubumbashi yetu, mwisho wa Julai. Reli inawafikisha Fungurume. Hapo reli imekwisha. Kutoka Fungurume mpaka Sankisia, kama kilometa 240, kupitia milima ya Mitumba, boti zinavutwa nchi kavu. Mashine mbili za moshi, ng'ombe, na mamia ya watu wa kukata njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Walitumia sehemu kubwa ya Agosti na Septemba yote. Leo tunapita Fungurume tumekaa ndani ya gari tukilalamika juu ya vumbi.

Kiangazi kilikuwa kikali, vijito vimekauka, na mashine za moshi zinakunywa maji. Wanawake wa vijiji vya njiani walipangwa kubeba maji vichwani, kilometa na kilometa, ili kunywesha chuma. Mutu wa agronomia anajua mwezi wa nane na wa tisa ni wakati wa kutengeneza shamba mbele ya mvua. Ukichukua mikono ya kijiji mwezi huo, njaa yake haionekani siku ile. Inakuja kiisha miezi, wakati ghala liko tupu na wageni wamekwisha kusahauliwa. Hiyo hesabu hakuna mutu aliyeiandika. Na Mimi na Toutou ni kipande kidogo: kwa vita ile Kongo ilitoa wabebaji zaidi ya 200,000.

Kutoka Sankisia reli mpaka Bukama, kutoka Bukama Lualaba mpaka Kabalo, na maji yalikuwa madogo hata wakafunga mapipa chini ya boti ili zielee. Kutoka Kabalo reli mupya mpaka Lukuga. Mwisho wa Oktoba wamefika. Tarehe 26 Desemba 1915 wakakamata Kingani ya Wajerumani, wakaipa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Habari hiyo baadaye ikamupa mwandishi C. S. Forester wazo la The African Queen, kitabu cha 1935, na filamu yake ya 1951 sehemu yake ilipigwa hapa Kongo, upande wa Ponthierville, Ubundu ya leo. Watalii wanajua filamu. Maji ya wale mama hayamo.

Wajerumani nao walikuwa na cha kwao cha vipande: Graf von Goetzen, meli iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa ndani ya sanduku 5,000, ikaja mpaka Dar es Salaam, na kwa reli Kigoma. Jina ni la gavana yule aliyewahi kupita Nyiragongo na kufika ziwa Kivu mwaka 1894. Iliingia majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa wakaizamisha wenyewe karibu na mudomo wa Malagarasi, lakini mafundi wakapaka mashine grisi nzito kwanza. Hiyo grisi mimi ninaipenda. Ni gharama ndogo kabisa ya vita ile, na njo iliyozaa zaidi. Wabelgiji wakaiinua meli, ikazama tena kwa dhoruba, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi na jina jipya, Liemba. Ikasafiri Kigoma mpaka Mpulungu ya Zambia miaka na miaka, watu wa klasi ya kwanza juu, wa klasi ya tatu pamoja na mananasi na ndakala kavu.

Sasa nirudi kwenye bahasha ya dola 400, juu jumamosi tunakutana na nataka kila mutu akuje amesoma.

Nimetenga dola 80, sehemu ya tano ya feza yote, kwa kununua jile tano za kuokoa maisha, zetu wenyewe, kabla ya tiketi. Wawili kati yetu hawakubali. Wanasema boti inapaswa kuwa nazo. Inapaswa, ndiyo. Desemba 2014 boti Mutambala ilizama kwenye ziwa hili hili, upande wa Kongo, watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 3 Oktoba 2024 Merdi ilitoka Minova na kuzama mbele ya Kituku, Goma, watu wanatazama kutoka pwani. Wengi walikuwa wamepanda boti juu barabara ilifungwa na vita. Makumi ya watu wakafa wanaona muji. Nilipanda mwaka uliopita balenieri moja kwa kazi ya mbegu, sitataja ya nani: jile zilikuwa nne, zimefungwa na kamba juu ya paa, na sisi tulikuwa zaidi ya 60. Mama mumoja aliuliza, akajibiwa: « Mama, wewe kaa tu, boti iko nguvu. » Akakaa.

Mwenzetu anasema tukiondoa hizo 80 tutapata hoteli nzuri Moba. Anasema pia likizo ni mwezi wa saba, hakuna mvua, hatari iko wapi? Hapo nijibu kama mutu wa mashamba. Kiangazi hakina mvua, lakini ndicho chenye upepo. Tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusini unapanda ziwa kwa urefu wake wote, hakuna kitu cha kuuzuia, na Moba iko kusini. Tutakuwa tunaenda uso kwa uso nao. Kwa hiyo nimeandika pia siku mbili za akiba, chakula na malazi, ili nahodha akisema leo hatutoki tusimusukume. Watu wengi hawafi juu ya upepo peke yake. Wanakufa juu mutu fulani alikuwa na feza ya siku moja tu, akamusukuma nahodha.

Tiketi tutalipa ya kwenda peke yake. Ya kurudi itabaki kwangu. Na nimeweka dola 20 ambazo wenzangu hawakuelewa ni za nini: za vijana wanaotoa watu kwenye boti na kuwapeleka pwani kwa mitumbwi mahali hakuna bandari. Wanaingia majini mpaka kifuani na kikapu cha mutu kichwani, na kila mara bei inabishaniwa wakati muzigo umekwisha kufika nchi kavu. Bei ile tutaipatana ukiwa bado muzigo uko kwenye boti, na tutalipa bila kubishana. Ukijumlisha unga, tiketi, malazi, jile, akiba na vijana wa mitumbwi, zinabaki dola 11. Hizo njo za soda.

Kuna mutu katika familia yetu aliyesafiri kwenye ziwa hili kwa meli kubwa mbele yetu sote, bila kukotiza. Mwaka 1997, kiisha Mobutu kuanguka, Umoja wa Mataifa ulitumia Liemba na Mwongozo kurudisha wakimbizi wa Kongo waliokuwa Tanzania, watu zaidi ya 75,000. Liemba peke yake ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira katika miezi mitano. Shangazi yangu alikuwa ndani ya moja ya hizo. Nilimupigia simu wiki hii kumuuliza ilikuwa namna gani. Hakukumbuka jina la meli, akasema tu « ile kubwa ya chuma ». Alikumbuka kama alikaa chini upande wa kushoto, ndiyo upande aliouona milima ya Ubwari asubuhi, na kama alikuwa amefunga kilo mbili za maharagwe ya mbegu kiunoni chini ya kitenge, juu aliogopa wenye njaa watazila njiani. Nikamuuliza ni aina gani. Akasema ya rangi ya nyama, yenye madoa, yanayokomaa upesi. Alizipanda msimu ule ule walipofika, nyuma ya nyumba isiyokuwa na paa.